Asilimia Sabini ya Nini? Namna ya Kuzisoma Alama za Filamu

Ijumaa iliyopita baada ya sala ya isha, mpwa wangu alitundika shuka nyeupe kwenye ukuta wa ua wetu hapa Langoni, mjini Lamu, akaazima projekta kwa rafiki yake, na majirani wakaja na mikeka. Alikuwa amewaahidi picha ya kuchekesha. Kwenye simu yake alikuwa amesoma kwamba zaidi ya asilimia 70 ya wahakiki wameisifu, na kila aliyeingia mlangoni alionyeshwa ile namba kama mtu anavyoonyeshwa cheti.

Picha yenyewe ni ya Kimarekani, inaitwa Napoleon Dynamite, ilitoka mwaka 2004. Inamhusu kijana wa shule, mrefu, mwenye miwani mikubwa na nywele za kujiviringa, anayeishi na bibi yake na kaka yake katika mji mdogo wa Preston, jimbo la Idaho. Hakuna anayeuawa wala hazina inayotafutwa. Kijana anampelekea chakula lama wa bibi yake, mnyama aliye kama ngamia mdogo asiye na nundu. Anampata rafiki aliye mgeni shuleni, Pedro, na Pedro anaingia kugombea uongozi wa wanafunzi. Basi, hiyo ndiyo hadithi.

Ilipofika nusu saa, theluthi ya watu walikuwa wameshakunja mikeka. Mabinti wawili wa jirani walikuwa wamejiziba midomo kwa mitandio, wanacheka mpaka machozi yanawatoka. Ami yangu mmoja, mtu wa heshima zake, alivumilia muda kidogo zaidi ya hao walioondoka, kisha akasimama, akaiweka sawa kofia yake, akasema, "Hao wahakiki wamelipwa," akenda zake.

Siku ya pili yake mjadala ulihamia barazani. Nimeusikia mara nyingi, kwa filamu nyingi, na kila mara unakwama pale pale: kama wahakiki saba katika kumi wameipenda, mbona mimi sikucheka? Ama wao ni waongo, ama mimi sina akili. Ninavyoona, hakuna mwongo hapo wala asiye na akili. Kilichokosekana ni kujua ile namba inahesabu nini.

Kwanza tutenganishe vitu vinne ambavyo watu huvitia kapu moja. Mhakiki ni mtu anayeitazama filamu, kwa kawaida kabla haijafika kwa umma au siku inapofika, akaandika ilivyo na anavyoiona, akitoa sababu. Maandishi yake ndiyo uhakiki. Tangazo ni jambo jingine: lile latoka kwa wenye filamu na kazi yake ni kuiuza. Cha tatu ni kura za watazamaji, watu kama mimi na wewe, wanaobonyeza nyota kwenye simu. Cha nne ni uainishaji, ambao hapa Kenya ni kazi ya Bodi ya Kuainisha Filamu, ile inayoweka alama za GE (ya watu wote), PG (mtoto aongozwe na mzazi), 16 na 18 (umri wa mtazamaji). Hili la nne huchanganya watu sana. Nimemsikia mtu akisema filamu "imepata 18" kwa sauti ya sifa, kana kwamba ni alama 18 kati ya 20. Namba hiyo inasema ni nani anayeruhusiwa kuitazama tu. Filamu mbovu kupita kiasi yaweza kupewa GE, na filamu bora ya mwaka ikapewa 18.

Sasa asilimia. Tovuti inayotajwa zaidi ni Rotten Tomatoes, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1998, na jina lake linatokana na desturi ya zamani ya kumtupia nyanya mbovu mwigizaji aliyeboronga jukwaani. Inachofanya ni hiki: inakusanya uhakiki wote inaoutambua, inaugawa mafungu mawili, ulioisifu filamu na ulioikataa, kisha inahesabu. Wahakiki mia wakiandika, na sabini wakawa upande wa kusifu, filamu inapata asilimia 70. Ikifika 60 inawekewa nyanya nyekundu, ikikosa inawekewa nyanya ya kijani iliyopasuka. Hapo ndipo hesabu yake inapoishia. Haikuuliza mtu ameipenda kiasi gani.

Tuchukue mahamri. Tuseme mtaani wako mama wawili wanaouza asubuhi. Wateja kumi wanaonja ya mama wa kwanza: tisa wanasema, "Si mabaya, yanalika," wanayapa alama 6 kati ya 10, na mmoja anayapa 4. Kumi wanaonja ya mama wa pili, anayetia iliki nyingi na kuyaacha yaungue kidogo pembeni. Watano wanasema hawajala mahamri kama yale tangu wazaliwe, wanampa 10. Watano wanatema, wanampa 2. Ukihesabu kwa mtindo wa nyanya, mama wa kwanza ana asilimia 90 na wa pili ana 50. Lakini chukua wastani wa alama: wa kwanza anapata 5.8 na wa pili anapata 6. Yule mwenye asilimia ndogo ndiye mwenye wastani mkubwa, na ndiye ambaye watu watano watamfuata hata akihamia Shela.

Kwa hiyo asilimia 90 yaweza kuwa na maana ya filamu ambayo karibu kila mtu anaiona si mbaya. Na asilimia 50 yaweza kuwa na maana ya filamu ambayo nusu ya watu wataifia. Ukiiangalia namba peke yake huwezi kujua ni ipi.

Tovuti nyingine, Metacritic, hufanya kama ile hesabu ya pili. Kila uhakiki hugeuzwa kuwa alama kati ya 0 na 100, kisha hutafutwa wastani, na wahakiki wengine hupewa uzito zaidi ya wengine, uzito ambao tovuti haiutangazi. IMDb ni kura za watu wa kawaida, kutoka 1 hadi 10. Halafu kuna CinemaScore, ya tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, ambayo huwapa watazamaji kadi usiku wa kwanza wa filamu kwenye majumba ya sinema ya Marekani, nao huijazia daraja kama za shuleni, kutoka A hadi F. Hii ya mwisho huwa na madaraja ya juu kwa jumla, na sababu si ngumu kuiona. Mtu aliyelipa kiingilio usiku wa kwanza kabisa alikuwa ameshaitaka ile filamu kabla hajaiona. Ni kama kwenda upande wa bwana harusi na kuuliza kama arusi ilifana.

Mhakiki yeye hakuchagua. Ametumwa na gazeti lake, ameketi, anatazama kilicholetwa.

Na hilo linanileta kwenye jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha. Mhakiki wa kazi hutazama filamu mia na zaidi kwa mwaka. Polisi wake wote wamekwisha kufanana, wapenzi wake wote wamekwisha kukimbiliana kwenye mvua. Mtu anayekula wali wa nazi mchana na usiku, siku zote za mwaka, ukimletea kipande cha embe bichi na chumvi na pilipili ataruka. Lakini mwenye njaa aliyetoka Mokowe na mzigo kichwani hataki embe bichi, anataka wali. Filamu ya vituko, isiyofanana na nyingine, ni embe bichi kwa mhakiki. Ami yangu alikuja na njaa ya Ijumaa usiku.

Haya, tuiite filamu ya namna hii kwa jina lake. Waliosoma tamthilia sekondari wanakumbuka tanzia, mchezo unaoishia kwenye huzuni, na futuhi, mchezo wa kuchekesha unaoishia kwa heri. Wanakumbuka pia kwamba kuna mchanganyiko. Komedi-drama ni mchanganyiko huo kwenye filamu: kicheko na uchungu vimepikwa chungu kimoja, na hakuna anayekuambia sasa ni zamu ya kipi. Mfano wa hapa nyumbani ni Supa Modo ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Likarion Wainaina, ambayo Kenya iliipeleka kuwania Oscar. Binti mdogo ana ugonjwa usiopona, anaota kuwa shujaa wa sinema, na kijiji kizima kinakubali kuigiza pamoja naye ili ndoto ile iwe kweli kabla hajaondoka. Wanakijiji wanachekesha, na kila kicheko kina donge nyuma yake. Mtu akikuambia hiyo ni filamu ya kuchekesha hajakudanganya. Akikuambia ni filamu ya msiba pia hajakudanganya. Lakini mtu aliyeambiwa moja tu ataingia akiwa amejiandaa vibaya, na nusu ya malalamiko barazani huanzia hapo. Mpwa wangu alisema "ya kuchekesha". Angesema "ya mji mdogo ambako hakutokei kitu, na watu wake ni vioja", watano wangebaki nyumbani na walobaki wangekaa mpaka mwisho.

Ndani ya komedi-drama kuna tawi hili la vituko vya mji mdogo, na lina mazoea yake. Mji ni wahusika wote kwa pamoja. Kila mtu anamjua mwenzake na kosa la babu yake. Mambo makubwa ni madogo: uchaguzi wa shule, mbuzi aliyepotea, mgeni aliyefika na mkoba. Na mzaha wake ni wa uso mkavu. Anayesema jambo la kuchekesha hajui, au anajifanya hajui, kwamba linachekesha.

Uso mkavu ndio uliowashinda wengi uani petu, na nadhani najua kwa nini. Sisi tumelelewa na picha zenye mfasiri. Aliyekulia kwenye vibanda vya video hapa pwani anajua: picha ya Kichina au ya Kihindi inakwenda, na juu yake sauti ya DJ inakueleza kwa Kiswahili nani ni nani, inamkejeli adui, inakuambia "sasa tazama atakavyopigwa". DJ Afro amejulikana Kenya nzima kwa kazi hiyo. Huyo ni mtafsiri na ni mhakiki papo hapo, kwa sababu anakuonyesha pa kucheka na pa kuogopa. Picha za Kihindi nazo zina muziki unaokushika mkono. Napoleon Dynamite imekuacha peke yako. Kamera imesimama tuli, mtu yuko katikati, anasema neno lake, na picha haikatwi. Inamngojea, sekunde moja, mbili, tatu, huku yeye akipumua kwa mdomo. Mabinti wa jirani walianza kucheka kwenye ule ungojezi. Wengine walidhani projekta imekwama.

Hata hivyo uso mkavu si mgeni Lamu. Kaa Mkunguni jioni, chini ya mti mbele ya ngome, sikiliza wazee wanavyosimulia. Aliye hodari kuliko wote hacheki kamwe. Anaeleza jinsi punda wake alivyokataa kupita kichochoro fulani, kwa utulivu wa mtu anayesoma hati ya kiwanja, na watu wanaanguka. Tofauti ni kwamba yule mzee tunamjua. Tunajua anatuchekesha, na tunajua anampenda punda wake.

Hapo pana fundo lenyewe la filamu hizi, na ndipo wahakiki wanapogawanyika: filamu inacheka pamoja na mji, au inaucheka mji?

Roger Ebert, mhakiki wa Chicago aliyekuwa wa kwanza katika uhakiki wa filamu kupata tuzo ya Pulitzer, mwaka 1975, aliipa Napoleon Dynamite nyota moja na nusu kati ya nne. Aliona ni upumbavu uliotengenezwa kwa makusudi, na mhusika mkuu asiyependeka. Wengine waliitazama filamu ile ile, kijana yule yule anayepumua kwa mdomo, wakaona upole. Katika hesabu ya nyanya, Ebert ni mkono mmoja wa kukataa, na aliyeipa nyota tatu ni mkono mmoja wa kusifu. Sababu zao, ambazo ndizo zenye faida kwetu, zimebaki nje ya namba.

Na watu wa huko wenyewe? Mwongozaji, Jared Hess, alisoma sekondari Preston. Filamu ilitengenezwa kwa dola laki nne hivi, ikaonyeshwa kwanza tamasha la filamu la Sundance Januari 2004, ikaja kuingiza zaidi ya dola milioni 40. Mwaka 2005 bunge la jimbo la Idaho likapitisha azimio rasmi la kumpongeza yeye na mkewe Jerusha, aliyeandika naye, na azimio hilo likayataja hata viazi vya jimbo lile. Wabunge wale walijiona kwenye kioo na wakakipenda kioo. Mimi nalichukulia hilo kwa uzito mkubwa, si kwa sababu wabunge ni wahakiki, bali kwa sababu mtu wa mji mdogo hunusa dharau haraka kuliko mtu yeyote.

Sisi tunanusa. Filamu ngapi fupi za wageni kuhusu Lamu zimeanza na punda? Punda tunao kwa maelfu, hilo ni kweli, na mji wa kale umekuwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo kamera zitaendelea kuja. Lakini pana punda anayepita kwenye picha kwa sababu amebeba matumbawe ya kujengea, mwenye punda yuko nyuma anapiga kelele "njia, njia", na pana punda aliyewekwa pale ili mtu wa mbali atabasamu. Mnyama ni yule yule na kichochoro ni kile kile. Anayejua tofauti ni mtu wa hapa. Ndiyo maana hukumu ya mji kuhusu filamu yake haiwezi kutolewa na asilimia ya watu ambao hawajawahi kuufika, na ndiyo maana natamani sana vijana wetu waandike. Akiingia mwongozaji na filamu yake ya Lamu, mtu wa Lamu aandike kwamba buibui limevaliwa sivyo, kwamba yule bibi hasemi Kiamu, Kiswahili cha hapa Lamu, kwamba mlango ule haufunguki kwa ndani namna ile, au kwamba, wallahi, wamepatia.

Nirudi kwenye hesabu kidogo, maana kuna kisa ninachokipenda. Mwaka 2006 Netflix, wakati huo bado ikikodisha diski kwa njia ya posta, ilitangaza zawadi ya dola milioni moja kwa atakayeiboresha kwa asilimia 10 programu yake ya kubashiri mteja ataipa filamu nyota ngapi. Watu wa hisabati wa dunia nzima wakaingia, na zawadi haikutoka mpaka 2009. Katikati ya safari waligundua jambo. Filamu nyingi zinabashirika: aliyependa picha tatu za vita ataipenda ya nne. Lakini zipo chache ambazo hazishikiki, na iliyowatesa sana ilikuwa hii hii ya kijana wa Preston. Mmoja wa washindani alikuta kwamba katika makosa yaliyobaki kwenye hesabu yake, asilimia 15 yalitokana na filamu hiyo moja. Watu waliipa nyota moja au nyota tano, na ladha zao za nyuma hazikusaidia kujua nani atakuwa upande gani. Wawili waliokubaliana kwa filamu mia wanaachana kwa hii.

Kwa hiyo mabinti wa jirani na ami yangu hawakufanya ajabu lolote. Ua wetu ulikuwa mfano mdogo wa kile kilichowachosha watu wa hisabati kwa miaka mitatu.

Je, wahakiki hulipwa? Ami aliuliza, na anastahili jibu lisilo la mkato. Mhakiki hulipwa na gazeti au jarida lake ili aandike. Huo ni mshahara. Swali ni kama hulipwa na wenye filamu ili wasifu, na hilo limewahi kutokea. Mwaka 2023 jarida la New York liliripoti kwamba kampuni moja ya matangazo ilikuwa ikiwalipa wahakiki wadogo wadogo kwa maandishi ya sifa, ambayo yaliingia kwenye hesabu ya nyanya. Na mwaka 2001 iligunduliwa kwamba kampuni ya Sony ilikuwa imebuni mhakiki asiyekuwepo duniani, ikamwita David Manning, ikamnukuu kwenye mabango yake ya filamu. Ilisema anaandikia gazeti la Ridgefield, mji mdogo wa Connecticut. Gazeti lilikuwapo kweli; mtu hakuwapo. Sony ilikuja kukubali mwaka 2005 kulipa hadi dola milioni moja na nusu, dola tano kwa kila mtazamaji aliyejitokeza kudai.

Visa hivyo ni vya kweli, lakini tazama maneno ya Manning yalivyokuwa: sifa tupu, zisizo na sababu, zilizotungwa kutiwa kwenye bango. Uhakiki wenye sababu ni mgumu kuununua, kwa sababu unaweza kuupima mwenyewe ukiitazama filamu. Mtu akisema "kazi bora ya mwaka!" hujui amelipwa au la. Akisema kamera imesimama mbele ya kijana na haimwachi mpaka atie haya, utaliona au hutaliona.

Dai jingine ni kwamba mhakiki ni mtu aliyeshindwa kutengeneza filamu. Ufaransa katika miaka ya 1950 vijana waliokuwa wakiandika uhakiki, François Truffaut na Jean-Luc Godard miongoni mwao, ndio waliokuja kushika kamera na kuibadilisha sinema. Na hapa kwetu hilo lisingehitaji kuelezwa. Aliyejua kusema beti ile imepungua mizani mara nyingi alikuwa mtungaji.

Sasa mtu afanye nini na simu yake kabla hajatundika shuka? Mimi huanza na uhakiki wa aliyeichukia. Fikiria nyumba za wageni hapa Lamu. Mgeni mmoja anaandika kwa hasira: hakuna gari, unatembea kwa miguu kutoka gatini, alfajiri adhana inakuamsha, vichochoro ni vyembamba na punda wanakusukuma ukutani. Anaipa nyumba nyota moja. Mwingine anasoma maneno hayo hayo akiwa Nairobi kwenye msongamano wa magari, na anafunga mkoba. Aliyechukia amekueleza nyumba ilivyo kwa uaminifu, na uamuzi umebaki kwako. Vivyo hivyo mhakiki akilalamika kwamba filamu inakwenda polepole, kwamba watu wake wanasema neno moja kisha wanatazamana, kwamba haina mwisho mkubwa, nami nikawa na usiku mtulivu na chai ya tangawizi, ameshanipa habari niliyoitaka.

Jambo la pili ni kumpata mhakiki mmoja au wawili na kuwazoea, hata kama hamkubaliani. Nahodha wa jahazi atakuambia kwamba dira inayokosea nyuzi kumi, kila siku upande ule ule, inamfikisha, kwa sababu anajua kuirekebisha. Inayomzamisha ni ile inayoyumba leo huku kesho kule. Mhakiki ninayejua kwamba hapendi vitu vya polepole ananifaa zaidi ya namba iliyochanganya watu mia nisiowajua.

Barazani sikuyasema yote haya. Kahawa ilikuwa imekwisha na muuzaji ameshabeba dele lake. Lakini watu walipotawanyika ami alibaki, ameshika tasbihi, na akaniuliza kwa sauti ya chini, "Yule mtu mzima wa mpira, aliishia wapi?"

Katika ile picha kuna ami wa kijana, Rico. Anaishi kwenye gari lake, na maneno yake yote ni mwaka 1982, alipokuwa mchezaji wa timu ya shule, na laiti kocha angemwingiza dakika zile za mwisho. Kuna mahali anajirekodi peke yake uwanjani, kamera imesimama kwenye miguu yake mitatu, naye anaurusha mpira wakati hakuna wa kuudaka. Ami alikuwa ameona hapo, kumbe, kabla ya kuondoka. Yeye mwenyewe aliwahi kukosa penalti dhidi ya timu ya Mombasa kabla mimi sijazaliwa, na hakuna mtu Langoni asiyekijua kisa hicho, kwa kuwa hakuna mwaka anaoacha kukisimulia, bila kucheka.

Nikamwambia Rico hakushinda kitu, lakini karibu na mwisho kuna mtu anakuja kumtembelea.

Akanyamaza. Kisha akasema, "Mwambie mtoto leo usiku anifungulie pale pale. Peke yangu."